Samaki na sukumawiki uani: Gharama ya chakula isipuuzwe

MNAMO 2009, serikali ilipoanza kuchimba mabwawa 200 ya samaki katika kila mojawapo ya maeneobunge 140, wengi walitumaini kuwa lishe na kipato vingeimarika. Hata hivyo, mengi yalitelekezwa baadaye, hasa kutokana na uhaba wa maji na bei ghali ya chakula cha samaki.

Siku hizi wakazi wa mijini wanashauriwa kufuga samaki na kukuza mboga kwa maji yale yale. Vifaa ni vichache: pipa la tilapia, beseni la kokoto lililopandwa sukumawiki, na pampu ndogo. Bakteria walio kwenye kokoto hugeuza amonia ya samaki kuwa naitreti, ambayo ni mbolea. Maji hurejea pipani yakiwa safi.

Mfumo huu hupunguza matumizi ya maji, lakini haupunguzi bei ya chakula. Isitoshe, umeme ukipotea kwa saa kadhaa, samaki waliosongamana huweza kufa kwa kukosa oksijeni. Kaunti zinazonuia kuueneza zianze kwa kuwafunza wananchi kuzalisha chakula nafuu, mathalani funza wanaolishwa taka za jikoni. La sivyo, mapipa nayo yatabaki matupu kama yalivyobaki mabwawa.