Jamani, Acheni Kufuta Nyuma ya Ua!

Moro, Jumapili usiku

Najua nimepotea karibu wiki tatu, testi zilinibana kweli kweli. Leo nimerudi na hasira, kwa hiyo mnivumilie.

Mnakumbuka niliwaambia tunapanda mlimani? Tulipanda. Watu wanne, alfajiri, kupitia Morningside kuelekea Bondwa, kibali mkononi na chapati za jana kwenye begi. Pale mashamba yanapoishia na msitu unapoanza nikaona kimmea kwenye jiwe lenye unyevu: majani ya mviringo yenye manyoya, ua la zambarau iliyopauka. Moyo ukaruka. Wanaosoma mimea wanajua kwa nini. Mwaka 1892 Baron Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka Ujerumani mbegu za ua kutoka Usambara, na leo dunia nzima inalipanda kwenye vyungu vya dirishani. Uluguru nayo ina ndugu yake, aliyepewa jina la Saintpaulia goetzeana mwaka 1900. Siku hizi ukoo wote umehamishiwa kwenye Streptocarpus. Nikasema, huenda ndiye huyu!

Nikapiga picha moja nzuri. Nyuma ya ua kulikuwa na kisiki kibichi, mgomba, na pindo la khanga la bibi aliyekuwa anapalilia. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," akacheka sana kwamba tumepanda mlima mzima kuja kupiga picha majani. Akaomba sura yake isitokee. Haikutokea.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mshkaji wangu alikuwa anatengeneza bango la maonesho fulani, nikampa picha. Akaiingiza kwenye programu, akalikata ua, akafuta kisiki, mgomba na khanga, akamwaga kijani laini kama godoro. Chini akaandika: "Msitu usioguswa." Nilipouliza, jibu lake: "Nyuma ilikuwa inavuruga macho, kaka." Kibaya zaidi, akaisevu juu ya ile ile. Na mimi kwa uzembe wangu nilikuwa nimeshasafisha kadi ya kamera. Hilo kosa ni langu, nalikubali.

Nikapeleka kilichobaki kwa fundi mmoja wa mimea anitajie jina. Akauliza: limeota kwenye jiwe au udongo? Kivulini au juani? Manyoya ya jani yamesimama au yamelala? Kwenye picha hakuna jibu hata moja. Jiwe na kivuli nilimsimulia kwa mdomo, lakini manyoya sikuyaangalia. Na kwa mimea hii manyoya si urembo. Mtaalamu B. L. Burtt aliyatumia sana kutenganisha aina moja na nyingine. Programu inapokata ukingo wa jani inayaona kama uchafu, inayafyeka. Hata zile simu zinazotia ukungu nyuma ya kitu hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mmea wangu mpaka leo hauna jina.

Mshkaji alijitetea kwa hoja ambayo, nikiri, ilinifanya nifikiri: "Mbona kwenye hebaria mimea imebandikwa kwenye karatasi nyeupe tupu?" Ni kweli. Lakini soma lebo iliyoko pembeni: nani alichuma, wapi, mwinuko gani, tarehe gani, palikuwa na nini jirani. Ile lebo ndiyo nyuma ya ua! Wazee wale waliondoa mandhari kwenye karatasi wakayaandika kwa wino. Wewe umeyaondoa, halafu hukuandika kitu.

Umeandika uongo, tena. Msitu ule umeguswa. Umekuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2008, na chini yake Waluguru wanalima miteremko ile ile tunayoiona tukiwa hosteli. Maji yake yanaingia Mto Ruvu, na Ruvu inanywesha Dar. Mtu wa Dar akiona bango la kijani kitupu ataamini mlimani hakuna tatizo. Kile kisiki ndicho kilikuwa habari. Na yule bibi umemfuta kama vile mlima hauna wenyewe.

Sisemi usiguse picha kabisa. Karatasi ya biskuti inayong'aa nyuma ya ua inakera, naelewa. Lakini iokote kabla hujapiga! Piga magoti, sogea hatua mbili, ubadilishe pembe. Mwambie mwenzako ashike kitambaa cheusi nyuma ya mmea. Fungua lenzi nyuma ififie yenyewe, ila hakikisha ukingo wa jani bado uko wazi. Using'oe mimea ya jirani ili ua lako lipendeze. Piga mbili: moja ya karibu, nyingine ya mahali pote. Ukipunguza mng'ao au ukikata pembeni, sawa, ila picha ya asili itunze. Na ukifuta kitu, andika kwamba umefuta. Ni mstari mmoja tu, hautakuua.

Bango lilisifiwa, nasikia. Watu walisema Mji Kasoro Bahari una milima mizuri. Mizuri kweli, sikatai. Lakini mimi ningefurahi zaidi kama mmoja wao angeuliza, "Huu mti nani kaukata?" Hakuna aliyeuliza, maana hakukuwa na mti wa kuuliziwa.

Jumamosi ijayo narudi kulitafuta lile jiwe. Mshkaji naye anakuja, tumeshapatana, ila kubeba maji ni zamu yake. Nikilipata nitawawekea hapa picha pamoja na kisiki chake. Anayetaka kuungana nasi aje na viatu vya maana, kule kunateleza.

Nawasilisha.