Daftari la wiki: Ncha ya nailoni

Jumatatu usiku umeme ulikatika nikiwa nasahihisha kazi ya mwanafunzi. Nikipapasa meza kutafuta kibiriti, kalamu ya tableti ya kusomea ikaviringika na kuanguka kwenye saruji. Asubuhi nikaona ncha imekatika, kipande kimebaki ndani.

Hapa mtaani kwetu Makiso kila anayeiona kalamu hii huuliza batri yake iko wapi. Haina. Chini ya kioo cha tableti kuna nyaya nyembamba zinazotoa mawimbi ya sumaku. Ndani ya kalamu kuna koili ya shaba iliyozungushiwa kijiti cha ferite. Inayapokea mawimbi na kuyarudisha, tableti ikajua kalamu iko wapi. Ukiikandamiza, ncha inarudi ndani kidogo, mwitikio wa koili unabadilika, mstari unanenepa. Ncha yenyewe ni plastiki tu, imewekwa ipate kuchakaa. Tangu nilipolielewa hilo, kalamu hii naipenda zaidi.

Jumanne nilikitoa kipande kwa kibanio cha nyusi cha mama watoto, nikaenda nacho sokoni kwa mama anayeuza nyavu, nilinganishe unene wa mishipi yake ya nailoni.

“Papa, na kipande kifupi hivi utavua samaki gani?”

“Si ya samaki, mama. Ni ya kalamu.”

Alinikatia urefu wa kiganja, akakataa pesa.

Ncha ya kwanza ilikuwa nene. Ilikwama ndani, na kalamu ikawa inachora hata ikiwa juu ya kioo bila kukigusa, maana ilijiona imekandamizwa muda wote. Nikaipiga msasa laini, nikaizungusha, nikaipiga tena, mpaka ikaingia na kutoka bila kulazimishwa, kisha nikaifanyia kichwa cha mviringo. Jirani alishauri waya. Hapana: chuma kitakwaruza kioo, na karibu na koili kitavuruga mawimbi.

Alhamisi mwenzangu wa chuo kikuu alileta yake. Ncha nzima, lakini ukiitikisa inalia ndani. Ferite huokwa kama chungu, na huvunjika kama chungu. Gundi inaunganisha vipande, ila mwitikio wa koili haurudi ulivyokuwa. Nilisikitika, kwa sababu ndani ya tableti yake ndimo yalimo maelezo yake yote ya somo. Fundi wa simu alikuwa na Galaxy Note iliyokufa kioo, kalamu yake bado imechomekwa. Teknolojia ni ileile ya tableti zetu, ya Wacom. Tulipoigusisha kwenye tableti yake, ikaandika. Tableti ambazo kalamu zake hutumia batri hazitaitambua.

Jumamosi, kwa wavuvi Wagenia, vijana walikuwa juu ya miti iliyosimikwa kwenye maporomoko, wakikaza upya kamba za porini zinazoshikilia mitego ya vikapu. Nilisimama muda mrefu kuwaangalia mikono.

Ncha ya nailoni inateleza kuliko ya zamani, na mwandiko wangu umekuwa mkubwa kidogo. Vipande sita vya akiba viko kwenye kisanduku cha kibiriti, juu ya kabati.