PICHA HATUJAIONA, HUKUMU TUMEKWISHA TOA

Wananchi wa Ufipa si wageni wa picha za Kihindi. Katika mabanda ya Namanyere na Sumbawanga tumelia pamoja na akina mama waliopotelewa na wana, tumeshangilia majambazi walipopigwa, na mfasiri akitutilia Kiswahili na chumvi yake juu. Lakini majuma machache yaliyopita vijana wa tawi letu hapa Kate walileta picha ya namna nyingine katika simu. Yaitwa "Aligarh", kazi ya Bwana Hansal Mehta, iliyoingia katika majumba ya sinema ya India mwaka 2016. Kabla haijafunguliwa, mwenzetu mmoja alisema ifutwe, maana amesikia habari zake ni za mwanamume apendaye wanaume. Yeye mwenyewe hajaiona. Nasi twakiri kwamba tulinyamaza, picha isionyeshwe. Tuliitazama siku nyingine, watu wanne, mlango umefungwa.

Habari yenyewe ni ya kweli. Profesa Ramchandra Siras alifundisha lugha ya Kimarathi katika Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Aligarh, akiwa karibu kustaafu. Mwezi wa Februari 2010 watu waliingia nyumbani kwake usiku na kamera, wakampiga picha akiwa na mwanamume mwingine, mchukuzi wa riksho. Chuo kikamsimamisha kazi. Tarehe 1 Aprili Mahakama Kuu ya Allahabad ilimpa haki ya kurudi. Siku chache baadaye alikutwa amekufa ndani ya nyumba.

Bwana Manoj Bajpayee amemwigiza kwa upole mwingi: mzee peke yake, gilasi mkononi, akisikiliza wimbo wa zamani na kuufuatisha kwa sauti ndogo. Wahakiki wengi wa India waliisifu picha, hasa yeye. Katika mji wa Aligarh mambo yalikuwa mengine. Kulikuwa na watu walioipinga wakidai yauchafua mji wao, na meya akawaunga mkono. Lakini hayo yote yalitokea mjini humo, na gazeti lilikwisha yaandika. Twauliza, ni nani aliyeuchafua mji: mtengeneza picha, au wale walioingia katika chumba cha mtu na kamera?

Kasoro inayo, nasi tutaisema. Profesa ana mawakili, ana mwandishi kijana wa gazeti anayemfuata kila mahali. Yule mchukuzi wa riksho, fukara anayekula jasho lake, twamwona kidogo tu kisha anapotea katika hadithi. Wahakiki wakubwa hatukuwasikia wakilisemea hilo. Mkulima wa Kate atalisemea.

Ndugu msomaji asidhani haya ni ya Wahindi peke yao. Majirani zetu wa Kenya walikuwa na "Rafiki" ya Bibi Wanuri Kahiu, picha ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes. Mwaka 2018 Bodi ya filamu ya huko iliipiga marufuku, kwa kuwa wasichana wawili wanapendana na mwisho wake una matumaini. Mwezi wa Septemba mahakama iliruhusu ionyeshwe siku saba, na watu wakajaa ukumbini Nairobi. Mwaka 2021 ikafuata "I Am Samuel" ya Bwana Peter Murimi. Huyu Samuel si mwigizaji. Ni kijana wa shamba, baba yake mhubiri, na kamera ilimfuata miaka mitano. Bodi ikaikataza pia, ikisema inaidhalilisha dini. Basi baba wa Samuel, mwenye jembe na Biblia kama baba zetu wa hapa, anayehangaika asijue la kumwambia mwanawe, Wakenya wakakatazwa kumwona.

Marufuku hizo zilisimama juu ya sheria iliyotungwa mwaka 1962, bendera ya Mwingereza haijateremka. Wazee wanakumbuka desturi ile. Zilikuwapo picha alizoruhusiwa Mzungu kuziona na Mwafrika akanyimwa, kwa kuwa akili yake ati ni ya mtoto. Na maneno "kinyume cha maumbile", ambayo baadhi yetu huyataja kama urithi wa mababu, Mwingereza aliyaandika katika kifungu cha 377 cha sheria ya India ya mwaka 1860, akayaleta Tanganyika na Kenya katika Kanuni za Adhabu za mwaka 1930. Mahakama Kuu kabisa ya India iliwaondolea watu wazima wanaoridhiana adhabu hiyo tarehe 6 Septemba 2018. Sisi tumekazana kuitunza mali ya bwana aliyekwisha kwenda zake.

Watakuwapo wa kutuambia kwamba kazi ya Chama ni mbolea na barabara. Ni kweli, na mbolea imechelewa, tutaiandikia. Lakini mwaka huo huo wa 2018 mkuu wa mkoa wa Dar es Salaam aliwataka wananchi wapeleke majina ya watu wa namna hii, hata Serikali ikabidi kusema hayo ni mawazo yake binafsi. Jirani akizoea kupeleka jina la jirani, ataishia kwa nani? Leo jina la huyu, kesho la katibu wa ushirika aliyekataa kutia sahihi.

Hatumlazimishi mtu aipende picha. Mzee mmoja aliyeitazama pamoja nasi hakuipenda, alisema ni ndefu na haina ngoma. Kisha akakaa kimya kitambo, akauliza: "Huyo profesa hakuwa na ndugu hata mmoja wa kwenda kulala kwake siku zile?" Hatukuwa na jibu.

Picha ingali katika simu. Tumeomba izungumzwe katika mkutano ujao wa tawi, na yule mwenzetu aliyetaka ifutwe tumemwomba aitazame kwanza, kisha awe msemaji wa kwanza.