Simu inatosha, maneno ndiyo yanayokosekana

Katika kitivo chetu kuna imani iliyozoeleka kwamba mwanafunzi anayekwenda kijijini kukusanya data ya lugha bila kamera kubwa hajajiandaa. Siikubali. Huku Makobola, kusini mwa Uvira, simu ndiyo kamera pekee ya karibu kila mtu, na kwa kazi yetu inatosha. Upungufu wetu uko kwingine.

Mipaka ya simu inajulikana. Kihisio chake ni kidogo, kwa hiyo picha za usiku hujaa chembechembe, na taa za wavuvi ziwani hugeuka madoa ya mwanga. Kuvuta mtumbwi wa mbali kwa vidole si kuukaribia, maana simu nyingi hukata tu kipande cha picha na kukikuza. Lakini mtafiti wa lugha ana haja gani na mtumbwi wa mbali? Anatafuta kasia lililo mkononi mwa mzee, wavu unaoshonwa, samaki aliye kwenye beseni. Hivyo hupigwa mchana, kwa umbali wa hatua mbili. Wapo watakaosema picha ya simu haifai kuchapwa, ilhali picha ya megapikseli 12 huchapwa vizuri kwenye karatasi nzima ya A4.

Zaidi ya hayo, simu hiyohiyo hurekodi sauti ya mzee akitaja jina la kitu. Lig-Aikuma, programu ya simu na tableti, imetumika kurekodi Kimbosi cha Kongo-Brazzaville, na mojawapo ya njia zake ni kumwonyesha msemaji picha ili aieleze kwa lugha yake.

Kinachokosekana katika picha zetu ni maneno. Chukua samaki mmoja wa ziwa hili: Uvira anaitwa mukeke, Kigoma ng'ambo ni mgebuka. Picha ya samaki huyo haisemi lolote kati ya hayo, na kwetu data ni majina. Au chukua lubunga ya Wabembe. Kamera, hata iwe ya bei gani, huona paa, nguzo na wanaume walioketi. Haioni kwamba, kwa desturi, hapo wanaume hula pamoja, huamua mashauri na kuwafunza vijana. Pasipo maelezo, msomaji wa mbali ataandika "kibanda" na kufungua ukurasa unaofuata.

Tatizo jingine ni kuhifadhi. Picha zetu husafiri kwa WhatsApp, ambayo kwa kawaida huibana picha na kuondoa taarifa za siku na mahali ilipopigwa. Simu nayo ikianguka ziwani au ikiibwa, kazi ya mwaka mzima imekwenda.

Makobola hilo si jambo dogo. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010 inaeleza kwamba kati ya tarehe 30 Desemba 1998 na 2 Januari 1999 watu zaidi ya 800 waliuawa hapa na katika vijiji jirani. Waliokufa walikuwa pia wasemaji, na mengi waliyoyajua kuhusu zana, mimea na vilima hayakuandikwa popote. Wakati ule hapakuwa na simu za kupiga picha. Leo zimo mifukoni mwetu, na tukikusanya picha zisizo na majina hatutakuwa na udhuru.

Kwa hiyo napendekeza kitivo kiweke sharti jepesi. Picha katika kazi ya kumalizia masomo ikubaliwe tu ikiwa na jina la kitu kwa lugha ya mahali, rekodi ya msemaji akilitamka, tarehe na kijiji, pamoja na ruhusa ya aliyepigwa picha au mwenye kitu. Mafaili yatumwe kama dokumenti, si kama picha, kisha yanakiliwe kwenye diski ya idara. Nakala iliyochapwa irudi kijijini, maana mzee aliyetupa neno ana haki ya kuliona limeandikwaje, na kutusahihisha.

Fedha ambazo tungetafuta kwa ajili ya kamera moja zinunue diski hiyo na karatasi za kuchapia.