Nyasi Shambani Si Uvivu

Ukiteremka kutoka Embu mjini hadi Ishiara mwezi wa Septemba, utaona mashamba yamefagiwa mithili ya ua unaongoja wageni. Mabua yameliwa na mbuzi, magugu yameng'olewa, na mwenye shamba husifiwa kwa bidii. Lakini mvua ya Oktoba haiji Ishiara kwa adabu. Hunyesha kwa kishindo siku chache, ikaikuta ardhi tupu na ngumu, ikaondoka na udongo wa juu hadi mtoni. Rutuba imo humo. Ukishakwenda, hata ndengu hudumaa.

Dawa yake si ghali. Mkulima huacha ukanda wa nyasi, upana wa mita moja hivi, ukikingama mteremko. Maji yakifika hapo hupunguza mbio, huutua udongo, na mengine huzama ardhini. Baada ya miaka kadhaa tuta hujijenga lenyewe.

Nepia hustawi kule juu kwenye majani chai, Ishiara hunyauka. Zifaazo ni nyasi za kienyeji, kama ile ambayo Wakamba, majirani wa ng'ambo ya Tana, huiita mbeetwa. Kiangazi utadhani imekufa; mvua ikirudi, huchipuka.

Taabu ni kwamba kila ukanda humeza mistari ya ndengu, na karo haingoji. Hilo silipuuzi. Ila nyasi hizo hukatwa zikalishwa mifugo, na kule Makueni wako wanaouza hata mbegu zake.

Nawe mwanafunzi uendaye likizo, nyanya akikupa jembe upalilie, muulize kwanza ni nyasi zipi usiziguse.