Alama za Hatari Zisomwe na Wote

Kila siku malori hutoka katika bandari ya Dar es Salaam yakielekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Mengine hubeba nguo, ngano na mabati. Mengine hubeba petroli, gesi, tindikali, dawa za kuulia wadudu, na salfa inayohitajiwa na migodi ya shaba. Malori hayo hupita Chalinze, Morogoro, Iringa na Mbeya, mbele ya shule, masoko na zahanati. Ubavuni mwa yale yenye shehena ya hatari hupasa kuwapo alama: mraba uliosimama juu ya pembe yake, wenye rangi, picha na tarakimu. Swali linalomkabili kila mtumishi wa umma na kila mwalimu ni hili: katika umma unaopitwa na malori hayo, ni wangapi wanaoweza kuisoma alama hiyo?

Lugha ya alama hizo si siri. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walitoa mapendekezo yao ya kwanza juu ya jambo hili mwaka 1956, na hadi leo vitu vya hatari vinavyosafirishwa huwekwa katika makundi 9. La kwanza ni vilipukaji, kama baruti. La pili ni gesi. La tatu ni vimiminika viwakavyo, kama petroli na mafuta ya taa. La nne ni yabisi ziwakazo, pamoja na vitu vinavyowaka vyenyewe au vinavyotoa gesi ya kuwaka vikiguswa na maji. La tano ni vitu vinavyoupa moto oksijeni. La sita ni sumu na vimelea vya maradhi. La saba ni vitu vyenye mnururisho. La nane ni vibabuzi, yaani vitu vilavyo ngozi na chuma, kama tindikali kali. La tisa ni hatari nyinginezo, zikiwamo betri za lithiamu.

Mtu aweza kuyakariri makundi hayo kwa jioni moja, lakini kukariri peke yake hakutoshi. Wako wanaodhani kwamba tarakimu hizo ni vyeo, kwamba la kwanza ndilo baya kuliko yote na la tisa halina neno. Hivyo sivyo. Tarakimu haisemi hatari ni kubwa kiasi gani. Inasema hatari ni ya namna gani, na kwa hiyo inamwelekeza mtu jambo la kufanya na jambo la kutofanya. Kalsiamu kabaidi, ambayo mafundi wa kulehemu huitumia kupata gesi, imo katika kundi la nne na alama yake ni ya buluu. Maji yanayozima moto wa mbao ndiyo yatakayoitoa gesi hiyo na kuuzidisha moto. Anayekimbia na ndoo ana moyo mwema, lakini moyo mwema usio na elimu waweza kuua.

Kundi la tano nalo lina funzo lake. Amonia naitreti ni mbolea inayofahamika na wakulima wengi, nayo huonekana kama chumvi isiyo na madhara. Tarehe 4 Agosti, 2020, tani 2,750 za kemikali hiyo, zilizokuwa zimeachwa ghalani kwa miaka kadhaa katika bandari ya Beirut, zililipuka na kuua watu zaidi ya 200. Zilikuwapo karatasi, na walikuwapo maofisa waliojua. Kilichokosekana ni mtu wa kuligeuza jambo lililoandikwa kuwa jambo lililotendwa.

Afrika Mashariki na Kati hazihitaji kwenda mbali kutafuta mifano. Huko Sachangwan, Kenya, mwezi Januari 2009, na huko Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti, 2019, malori ya mafuta yalipinduka, watu wakakusanyika kuchota, na moto ukateketeza makumi kwa makumi ya wananchi. Baada ya kila msiba husemwa kwamba waliokufa waliponzwa na tamaa. Maneno hayo ni mepesi mno. Huko Sange, Kivu ya Kusini, mwezi Julai 2010, wamo waliounguzwa ndani ya nyumba na katika kumbi walimokuwa wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Hao hawakuchota chochote. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini, hauonekani, na hufuata bonde na mtaro mpaka ukutane na jiko au sigara. Ni nani aliyewahi kuwaeleza hayo wakazi wa kando ya barabara? Nambari 1203, inayoitambulisha petroli dunia nzima, waliiona mara nyingi. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini macho yasiyofundishwa hutazama yasione.

Wapo watakaosema kwamba elimu hii ni ya madereva na zimamoto peke yao. Zimamoto hufika baada ya ajali. Wa kwanza kufika ni mwanakijiji, mwanafunzi na mwenyekiti wa kitongoji. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya wananchi karibu milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio, na vyoo vikachimbwa. Umma ulioweza kujifunza chanzo cha kuhara na malaria hauwezi kushindwa na picha tisa.

Kazi yenyewe yajulikana. Karani wa ghala asikubali hati iliyoandikwa "bidhaa mbalimbali" wakati madumu yananuka. Ofisa wa mizani asiridhike na uzito tu; aitazame alama na kuilinganisha na hati. Afisa tarafa aziweke picha hizo tisa katika ofisi za vijiji vya kando ya barabara kuu, zikiwa na maelezo ya Kiswahili, maana onyo lisiloeleweka si onyo. Mwalimu wa sayansi aanzie katika maabara yake mwenyewe, ambamo tindikali na spiriti mara nyingi hukaa rafu moja, kisha awatoe wanafunzi nje wasome alama za malori yanayopita. Mtoto atakayerudi nyumbani na kumwambia mama yake kwamba dumu la petroli halipakiwi ndani ya basi la abiria, atakuwa ameilipa ada yake yote.

Mafuta yataendelea kusafiri, na mbolea na tindikali pia, kwa kuwa uchumi wa nchi unazitegemea. Hatari haiwezi kuondolewa barabarani. Ujinga waweza kuondolewa, na wenye dhamana ya kuuondoa ni wale waliosomeshwa kwa jasho la umma huo unaoishi kando ya barabara.