Mwingereza, Mhindi na sinki la jikoni: tusichekane majumbani

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Hawakutuambia, hata hivyo, tufanye nini mila mbili zinapokutana kwenye sinki moja la jikoni. Sisi tuliorudi nchini kutoka uhamishoni tunalijua jambo hilo vizuri. Kila mmoja alirudi na mizigo miwili: mmoja wa nguo na vyombo, na mwingine, ambao hakuna ofisa wa forodha aliyeukagua, wa mazoea ya nyumba aliyokulia. Mzigo huo wa pili ndio unaotugombanisha.

Ndugu msomaji, ukitaka kumfanya mtu ajione, mwonyeshe kwanza jirani yake. Kwa hiyo leo nawaleta Waingereza na Wahindi. Waingereza waliitawala India hadi mwaka 1947, na baada ya hapo Wahindi kwa maelfu wakahamia Uingereza. Watu hawa wamejuana kwa karne nyingi, lakini ukiingia nyumba ya huyu kisha ya yule utadhani hawajawahi hata kusalimiana.

Mimi nilizaliwa na kusomeshwa Nairobi, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Baada ya kurudi Rwanda na kuanza ualimu, nilipata nafasi ya kusoma mwaka mmoja mjini Leicester, Uingereza, mwaka 2008. Nusu ya kwanza nilipanga chumba kwa mama mmoja Mwingereza, nusu ya pili kwa familia ya Kigujarati. Mzee wa nyumba hiyo alikuwa mmoja wa Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakapewa siku 90 wawe wameondoka. Zaidi ya 27,000 waliingia Uingereza. Halmashauri ya Leicester iliweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasiende kwao. Wakaenda. Nilimkuta mzee yule bado anazungumza Kiswahili cha dukani, na ndiye aliyenifungua macho.

Tuanze na maji. Nyumba nyingi za zamani za Kiingereza zina bomba mbili kwenye sinki, moja upande huu na nyingine upande ule. Moja inatoa maji yanayounguza, nyingine maji ya barafu. Kunawa mikono ni kuchagua adhabu. Mhindi akiona hivyo anacheka, nami nilicheka. Lakini sababu ipo: zamani maji ya moto yalitoka kwenye tangi lililowekwa darini, ambamo panya au ndege aliweza kutumbukia, na maji ya baridi yalitoka moja kwa moja kwenye bomba la mji. Sheria haikutaka yachanganyike. Nyumba mpya nyingi sasa zina bomba moja, ila mazoea hayafi upesi.

Kisha vyombo. Mwingereza wa mtindo wa zamani anaweka beseni la plastiki ndani ya sinki, anatia maji moto na sabuni, anaosha sahani, halafu anaikausha kwa kitambaa ikiwa bado na povu. Kusuuza hakuna. Mama wa Kigujarati kwake hilo ni janga la taifa. Yeye anasugua, anasuuza kwa maji yanayotiririka, anasuuza tena. Lakini subiri hesabu ya maji ifike, ndipo utamsikia Mwingereza naye akicheka.

Bafuni ni vita vingine. Mwingereza anajaza maji, analala humo nusu saa, anatoka ametakata. Mhindi anauliza: unatakataje huku umelalia uchafu wako? Yeye anataka ndoo na kopo, maji yamwagike na taka ziende zake. Na chooni, Mwingereza ana karatasi, Mhindi ana kopo la maji. Hapo sina haja ya kueleza, wasomaji wangu wa Rubavu na Rusumo wanajua wako upande gani. La kuchekesha ni kwamba Mwingereza hufundishwa usafi na Mhindi bila kukumbuka. Sake Dean Mahomed, mzaliwa wa Patna, alifungua mgahawa wa Kihindi London mwaka 1810, kisha akafungua nyumba ya kuoga na kukandwa huko Brighton, hata mfalme George wa Nne akawa mteja wake. Neno shampuu limetoka India. Pajama ya kulalia nayo imetoka huko.

Sasa chai, maana hapo kila mtu ni mtaalamu. Mwingereza anamwaga maji yaliyochemka juu ya majani, anasubiri, anatia tone la maziwa baridi. Kubishana iwapo maziwa yatangulie au yafuate kwao ni jambo zito. Mwaka 1946 mwandishi George Orwell alitoa gazetini kanuni 11 za kutengeneza chai, naye alikuwa mzaliwa wa Motihari, India! Mhindi hana muda wa kanuni hizo. Sufuria moja, maji, maziwa, majani, sukari, tangawizi, iliki, chemsha mpaka itake kumwagika.

Mtu angedhani basi Mhindi ndiye aliyemfundisha Mwingereza kunywa chai. Sivyo. Mwingereza aliipata kwa Wachina, akailima Assam, na mwaka 1839 chai ya Assam ikapigwa mnada London. Wahindi wa kawaida hawakuizoea hadi karne ya 20, wafanyabiashara wa chai walipoanza kuitangaza viwandani na kwenye stesheni za treni. Wauzaji wa mitaani wakapunguza majani, yaliyokuwa ghali, wakaongeza maziwa na viungo, na wenye kampuni wakalalamika kwamba biashara inaharibiwa. Chai hiyo hiyo ya kuchemshwa na maziwa ndiyo niliyokulia Nairobi. Leo katika mikahawa ya Kigali inaandikwa kuwa ni chai ya Kiafrika! Imevuka mipaka yote bila kulipa ushuru.

Na mgeni je? Mwingereza hukuuliza mara moja kama utakula biskuti. Ukisema hapana, mkebe unafungwa. Kwake, kukuamini ndiyo heshima. Kwa Mhindi, hapana ya kwanza ni adabu, ya pili ni aibu, ya tatu ndiyo inaanza kusikilizwa, na wakati huo sahani imeshajaa. Mwingereza akikualika saa moja jioni, ufike saa moja na dakika tano. Mhindi akikualika saa moja, ukifika saa moja utamkuta anaoga. Kuaga kwa Kihindi kunaanzia sebuleni, kunaendelea mlangoni na kumalizikia kwenye gari. Hapo nilijisikia nyumbani, maana hata sisi humsindikiza mgeni hadi barabarani.

Mjukuu wa mzee yule alizaliwa Leicester. Kila akipewa chapati alisema asante, kama alivyofundishwa shuleni. Siku moja bibi yake akamwuliza, "Kwani mimi ni mhudumu wa hoteli?" Kwa bibi, asante ni ya wageni. Kwa mwalimu wa Kiingereza, mtoto asiyesema asante hana adabu. Mtoto yule alikuwa mmoja, adabu zilikuwa mbili, na hakuna aliyemweleza.

Ndipo ninapotaka kufika. Mwaka 1994 na miaka iliyofuata tulirudi kutoka Uganda, Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya. Wa Kongo alikuja na sombe na mawese, wa Uganda na matoke na mchuzi wa karanga, wa Tanzania na ugali wa kufinyanga kwa mkono. Wazee waliobaki walishangaa kutuona tukila chapati tunatembea njiani, maana desturi ya zamani ya hapa ni kutokula mbele ya watu. Tulichekana. Mwanzoni ilikuwa kicheko cha ndugu. Baadaye ikawa kipimo cha nani ni mstaarabu na nani ni mshamba.

Katika shule moja niliyofundisha, karibu na mpaka, alikuja msichana kutoka Tanzania. Alinawa mikono vizuri kuliko wenzake wote, akala kwa mkono. Wenzake wakamcheka, na mkubwa mmoja akaamuru akae peke yake nje hadi ajue kutumia kijiko. Msichana yule hakulalamika. Aliacha tu kula mchana. Muhula mzima alishinda na njaa, na alama zake zikashuka, kwa sababu ya kijiko.

Najua wapo watakaosema kwamba mtoto lazima afundishwe mambo ya kisasa. Sawa, afundishwe kijiko. Kesho atakaa meza moja na watu wa kila namna, na kijiko hakitamdhuru. Lakini kufundisha ni jambo moja na kuaibisha ni jingine. Na tusijidanganye kwamba kijiko ndicho usafi. Mkono ulionawiwa kwa maji na sabuni ni safi kuliko kijiko kilichokaushwa na povu lake.

Wahindi wa Uingereza walipata dawa nzuri zaidi. Mwaka 1998 wachekeshaji wao walionekana kwenye televisheni ya BBC katika kipindi cha Goodness Gracious Me, wakaigiza Wahindi walioingia mgahawa wa Kiingereza na kutaka chakula kisicho na ladha kuliko vyote. Waingereza walicheka hadi machozi, maana walijiona jinsi wanavyofanya katika migahawa ya Kihindi. Kicheko kilikuwa cha pande zote, na aliyezoea kuchekwa alipewa zamu yake ya kucheka.

Walimu wenzangu, na ninyi wazazi mnaovuka mpaka kila asubuhi na bidhaa zenu, hebu tuwape watoto zamu hiyo. Mtoto akifanya jambo tusilolijua, swali la kwanza liwe, "Kwenu mnafanya hivi kwa nini?" Tutasikia habari za tangi la darini, bei ya maji, baridi, joto, au bibi aliyeachwa upande wa pili. Mfanyabiashara anayehesabu laki, anayepokea pesa na kuipakia mizigo kwenye gari, maneno yote matatu ameyapata kwa Wahindi, wala hajapungukiwa kitu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Lakini mwenyeji ataponaje, ikiwa mgeni amekaa nje na sahani yake?